Jumapili Bila Mvua

Klara Hoza alikuwa amechoka, na si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Miaka kumi na tisa amekaa kwenye chumba kimoja cha chuo kidogo nje ya mji wa Lushoto, akipokea makala za jarida la kilimo cha milimani na kuzichuja kabla mhariri mkuu hajazisoma. Wizi wa wasomi anaujua wote. Kuna anayenyofoa kurasa za mwenzake akabadilisha maneno mawili matatu. Kuna anayempachika bosi wake jina ilhali bosi hakushika hata kalamu. Ukimbana, anakuja na kapu la peasi: "Mama Klara, ilikuwa haraka tu." Haraka gani jamani, mtu mzima na shahada zake!

Alhamisi hiyo ukungu ulikuwa umeziba dirisha. Akafungua makala mpya, inahusu mvua za Bulwa kwenye mashamba ya chai, mwaka 2022. Mwandishi, Edgar. Klara akatabasamu peke yake. Edgar ni mtoto wa marehemu dada yake, amemlea tangu ana miaka minne, na sasa ni mhadhiri Tanga anayesubiri kupandishwa cheo. Ilibaki makala moja tu, ndiyo hii. Kanuni ilitaka makala ya ndugu akabidhiwe mwingine, lakini mwingine yupi? Ofisi nzima ni yeye.

Programu ya kukagua wizi wa maandishi ikasema asilimia nne. Safi kabisa. Angeishia hapo, angekwenda zake kunywa chai. Lakini ana tabia ya kupitia majedwali, maana programu ile inasoma maneno, tarakimu haina habari nazo.

Akaona sufuri. Akahesabu siku, sufuri tena. Kila siku ya saba hakuna mvua, masika hadi vuli, na siku inayofuata inamwagika isivyo kawaida. Akafungua kalenda ya 2022: sufuri zote zimeangukia Jumanne. Mvua gani hiyo inayopumzika kila Jumanne?

Mvua hiyo Klara aliijua. Baba yake, Mzee Mika, mzee wa kanisa la Kilutheri kule Bungu, alipima mvua nyuma ya nyumba kwa zaidi ya miaka thelathini. Jumapili hakigusi kipimo, hata mvua inyeshe namna gani. Jumatatu ndipo anapima maji ya siku mbili pamoja. Na tarehe zilizokuwa Jumapili mwaka mmoja, mwaka mwingine huangukia Jumanne. Alipofariki, Klara mwenyewe alimpa Edgar madaftari yote ayaingize kwenye kompyuta yasije yakaliwa na mchwa. Edgar aliyaingiza, akayarudisha, akashukuriwa.

Jumamosi akamwita nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa." Akamsogezea jedwali lililochapwa. "Bulwa ulikwenda lini?"

Edgar akalivuta jedwali karibu. "Mara mbili," akasema. "Kipimo changu kiliibiwa, mama. Muda ukaniishia. Tarakimu za babu zilikuwa zimelala tu sandukuni, za mwaka 1987. Nimemwibia nani?"

"Babu yako."

"Babu naye! Jumapili kaandika sufuri bila hata kwenda kuangalia. Tofauti yetu iko wapi?"

Klara aliona kama kapigwa kofi. Akaenda chumbani, akarudi na daftari la 1987, akalifungua ukurasa wa kwanza. Mwandiko wa Mzee Mika ulikuwa mkubwa, wa mtu asiyezoea kalamu: *Jumapili sipimi. Sufuri ya Jumapili msiihesabu. Ya Jumatatu ni ya siku mbili. Hili ni kosa langu, si la mvua.*

"Kila daftari lina ukurasa huu," Klara akasema. "Hukuuona?"

"Nilianzia kwenye tarakimu."

Akatokwa na machozi, mwanamume mzima. Akahamia Kishambaa, kama alivyokuwa akifanya utotoni akitaka kusamehewa. Ataiondoa makala kimya kimya, akasema, na nani atajua? Ikijulikana, cheo hakuna, na huenda kazi yenyewe hakuna. Klara alitamani kusema ndiyo. Wallahi alitamani, ingawa yeye si Mwislamu. Lakini akawakumbuka wale waandishi kumi na mmoja aliowashtaki kwa barua miaka hiyo yote, kila mmoja na haraka yake, kila mmoja na mama yake mahali fulani.

"Kula kwanza," akamwambia. Edgar hakula. Akaondoka na gari la mchana la kuteremka Mombo.

Jumatatu Klara akakaa kumwandikia mhariri mkuu, Dokta Sharifa. Barua za namna hiyo anaziandika hata akiwa amefumba macho: jina la makala, kosa, ushahidi. Safari hii vidole viligoma. Alifuta, akaanza, akafuta tena, chai ikapoa mezani. Mwishowe akaliacha kosa la Edgar lisubiri chini, na juu kabisa, kwenye mstari wa kwanza, akaandika:

*Mwandishi ni mwanangu. Sikupaswa kuigusa makala yake, nami nimeigusa. Madaftari nilimpa mimi.*

Baada ya hapo barua ikaandikika.