Mbwa wa Mama Mkwe Anamaliza Kuku Wangu, na Sumu Ninayo

Ndugu mhariri, jina langu lifiche. Mama mkwe wangu hajui kusoma, lakini hapa Mkolani gazeti likishasomwa hufungiwa maandazi, na maandazi hufika kila nyumba.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tano, mzaliwa wa Bukoba, nimeolewa na Msukuma. Kiwanda alichofanyia kazi mume wangu kilipouzwa kwa mtu binafsi, naye alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Sasa anazunguka na mitumba kwenye minada ya ng'ambo. Akishavuka ziwa pale Kigongo, kumwona tena ni mpaka wiki kadhaa zipite. Kinacholisha watoto ni kuku wangu wa kienyeji. Asubuhi nawafungulia, wanachakura mpaka jioni, wanarudi bandani wenyewe. Kuku wa kununuliwa chakula mimi siwawezi.

Wizi ulipozidi mtaani tulitafuta mtoto wa mbwa, tukamwita Tomi. Kumfundisha nilimfundisha mwenyewe. Kila asubuhi namfunga kwenye kigingi kando ya banda, namlisha ugali na dagaa mpaka ashibe, ndipo nawafungulia kuku. Nilitembea naye kwa kamba katikati ya vifaranga. Akiwakodolea macho namvuta, akilala chini namsifu. Majirani walinicheka, eti Mhaya anampeleka mbwa shule. Wacheke tu! Tomi alipokua, kuku walikuwa wanadonoa mpaka kwenye miguu yake naye kapitiwa na usingizi. Hata mwewe alikuwa anawafukuza.

Kisha akaja mama mkwe, ambaye mume wangu humwita Mayu, nami humwita hivyo hivyo. Wezi wa ng'ombe walivamia boma lake kijijini, wakamjeruhi baba mkwe, na hakupona. Simlaumu kwa kuja, maana angeenda wapi? Tangu afike hapati usingizi mpaka mbwa alale mlangoni pa chumba chake. Akambadilisha na jina, akamwita Mtasema. Jina hilo najua limeelekezwa kwa nani. Anamwita uani, "Mtasema! We Mtasema!" nami nasonga ugali.

Ukaingia mdondo. Vifaranga wanasinzia, wanakufa. Mimi nafukia mizoga, Mayu anamrushia mbwa, na manyoya yake. Siku moja nilipiga magoti nikamwambia, "Mayu, akizoea manyoya hatatofautisha aliyekufa na mzima."

Akanijibu bila kunitazama, "Mimi nimefuga mbwa mumeo hajaota meno. Kitu kimekufa, mbwa asile, ale nani? Wewe?"

Mdondo ulipoisha, mbwa hakujua kwamba umeisha. Alianza na kifaranga. Akafuata tetea aliyekuwa anaatamia. Nilikuta mayai yamepoa na manyoya yametapakaa mpaka jikoni. Nililia kama nimefiwa. Nikamfunga mbwa kutwa, Mayu akamfungua. "Mbwa wa kufungwa ana tofauti gani na mbuzi?" Nikawafungia kuku, wakaanza kudonoana na kuacha kutaga, na pumba za kuwalisha sina. Nikazungushia miiba, mbwa akaruka. Nilimweleza Mayu kwamba kuku hawa ndio chakula chetu sote, na yeye akiwemo. Akasema mwizi akija nimtume jogoo akabweke.

Mwezi huu mbwa ameingia kwa jirani akamuulia jogoo. Jirani huyo ni mama mpole, tunasali naye jumuiya. Nilimpelekea jogoo wangu mimi, akapokea. Halafu akaniwekea kiganjani kitu kidogo kimefungwa kwenye nailoni.

"Wenzako wameshamrushia nyama huyo mbwa, haokoti cha mtu," alisema. "Anakula kwa bibi na kwako tu. Bibi hawezi kumpa. Basi."

Nikajua ni sumu. Sikuirudisha. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikuirudisha.

Mume wangu alipopita nyumbani nilimweleza yote. Alijikuna kichwa, akaendelea kufunga mzigo wake. "Malizeni wenyewe. Nikirudi nisisikie neno la kuku wala la mbwa," akasema. Alipofika mlangoni akageuka. "Ila Mayu asilie."

Haya, wasomaji, hapo mimi nipite wapi? Nikiuza kuku, watoto watakula nini? Nikimwua mbwa, yule bibi atalala vipi, na mimi nitamtazama vipi? Nikirudi kwetu, wanangu nawaacha na nani? Mume wangu amefunga mzigo akaondoka, mimi mzigo wangu ndio huu.

Leo asubuhi niliifunga ile nailoni kwenye pindo la kanga, nikapakua ugali, nikauzidishia dagaa ili harufu ya sumu isisikike. Mayu alikuwa ameketi kizingitini. Akachungulia bakuli.

"Leo umemwekea dagaa wengi, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Tangu niolewe hajawahi kuniita mwanangu.

Na yule mbwa alipoona bakuli alikwenda mwenyewe mpaka kwenye kigingi chake cha zamani, kando ya banda. Akakaa, akanyoosha shingo nimfunge kamba, akasubiri ashibe kwanza ndipo niwafungulie kuku. Kumbe yote niliyomfundisha bado anayo. Nikampa ugali wake hivyo hivyo, bila kitu.

Nailoni bado iko kwenye pindo la kanga ninapoandika haya. Wenzangu mnaoishi na wakwe, na ninyi mnaofuga, msinicheke kwamba ni mambo ya kuku. Nishaurini, na mnishauri mapema, kwa sababu kesho asubuhi atakuwa amekaa tena pale kigingini ananisubiri. Nifanye nini?