Pikipiki Tatu na Mama Mkwe

Pikipiki ya kwanza niliyopewa na ofisi ya kilimo ilikuwa nyekundu, na mama mkwe wangu hakuipenda. Alisema mwanamke anayepanda kitu kama kile hawezi kuheshimiwa. Kisha akaizunguka, akabonyeza siti kwa kiganja na kusema angalau siti ni ndefu. Nilikuwa bibi shamba wakati huo. Tulikaa Izia, pale Sumbawanga, mume wangu akifundisha shule ya msingi, na mama yake alihamia kwetu baada ya kufiwa na mumewe.

Ilikuwa miaka ile maduka ya Sumbawanga yalipoanza kujaa tena. Sabuni ilirudi, mitumba ikaja kwa marobota, na wafanyabiashara wakawa wananunua mahindi mchana kweupe, si kwa magendo tena. Miradi nayo ikaja, na miradi haikutembea kwa miguu. Ilileta pikipiki za aina moja, zilizotengenezwa ziweze kwenda kwenye lami na porini pia: matairi yenye meno, tumbo limeinuka juu ya mawe, lakini taa na indiketa kama za mjini. Lami ilikuwa mbali sana na sisi, kwa hiyo nusu ya uwezo wake ilikaa bure.

Ile nyekundu ilikuwa na shokapu mbili nyuma na ilikuwa ya kuwasha kwa kupiga kiki. Asubuhi za Juni, baridi ya Ufipa ikiwa imeshika, niliipiga mpaka majirani wakatoka kuangalia. Baridi ilinitoka mimi, ikabaki kwa pikipiki.

Baada ya miaka michache ikaja ndugu yake, nyeupe. Shokapu zile mbili zilikuwa zimeondolewa, ikawekwa moja tu, katikati, imefichwa chini ya siti. Haikunirusha tena kwenye makorongo, ila ilikuwa imeinuka mno, na siti yake ilikuwa fupi.

"Haya ndiyo maendeleo, bibi shamba," dereva wa ofisi aliniambia.

Nikamwambia miguu yangu bado haijaendelea. Kila nilipotaka kushuka ilibidi nitafute kichuguu au ukingo wa barabara.

Hiyo nyeupe ndiyo iliyotupeleka Matai. Ilikuwa katikati ya masika. Mume wangu alikuwa safarini, na dereva mmoja wa lori alipita nyumbani na habari kwamba mdogo wake mama mkwe, anayeishi Matai, yu mahututi. Mabasi hayakuwa yakienda, maana malori yalikuwa yamezama na kuziba njia. Mama mkwe alikaa jikoni mpaka karibu adhuhuri. Kisha akatoka amevaa sweta, amejifunga kanga mbili.

"Hicho kidude chako kina mafuta?"

"Kinayo, Mama."

Akapanda kwa kukaa upande, magoti pamoja.

"Mama, ukikaa hivyo tutaanguka."

"Mimi ni mtu mzima. Siwezi kutanua miguu mbele ya watu."

Tukaanguka kabla hatujaimaliza Izia. Lilikuwa anguko laini, la matope. Mama mkwe aliinuka, akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akapanda upya, safari hii kama wanavyopanda wanaume.

"Mwanangu asijue," alisema.

Kwenye malori yaliyozama tulipita pembeni, juu ya majani. Abiria waliokuwa wamekwama wakasimama kutuangalia. "Shikamoo mama!" walipaza sauti, naye akawaitikia mmoja mmoja, marahaba, marahaba, kama aliyealikwa kufungua mkutano. Mbele kidogo kulikuwa na kijito. Alishuka, akaweka viatu kichwani, akanisukuma kwa nyuma huku maji yakimfika magotini. Tulipoanza kuteremka upande wa pili akaniuliza mbona sipunguzi mwendo.

"Breki zimeingia maji, Mama."

"Basi ungenyamaza tu."

Nilisikia mikono yake ikinikaza kiunoni, na nikajua anaomba, maana midomo yake ilikuwa inagusa mgongo wangu.

Tulifika Matai jioni. Mgonjwa alikuwa uani, anapepeta maharage. Alikuwa ameugua malaria kweli, akapata dawa, akapona. Yule dereva wa lori alikuwa ameondoka Matai kabla mgonjwa hajapona. Mgonjwa alitutazama, sisi matope mpaka kwenye nyusi, ungo ukamtoka mikononi.

"Jamani! Nani amekufa?"

"Wewe," mama mkwe alimjibu.

Kisha wakakumbatiana na kulia kwa muda mrefu, mmoja akimpiga mwenzake mgongoni kama anayemgombeza. Mimi nilibaki nimeshikilia pikipiki, kwa sababu stendi ilikuwa inazama. Nililia pia, na sikuwa na mkono wa kujifutia.

Nilirudi peke yangu. Mama mkwe alikaa kule mpaka mahindi yalipovunwa. Mume wangu aliuliza mama alifikaje, nikasema salama.

Baadaye serikali ilipunguza watumishi, nami nikapunguzwa. Pikipiki ilirudi ofisini, mimi nikaingia kwenye biashara ya ulezi, nikizunguka vijijini kwa baiskeli. Biashara ilipochanganya nikanunua pikipiki yangu mwenyewe, ya ukoo uleule. Hii ilikuwa na breki ya diski kwenye gurudumu la mbele na iliwaka kwa kubonyeza kitufe. Mama mkwe aliitazama kwa mashaka.

"Kitu kinaamkaje bila kupigwa?"

Nikamwonyesha kitufe. Akabonyeza, injini ikaunguruma, akaruka nyuma. Akabonyeza tena, nikamwambia ikishawaka haibonyezwi. Kuanzia hapo hakuruhusu mtu mwingine aiwashe.

Kila kiangazi nilimpeleka Matai. Alijitafutia sokoni suruali ya mtumba, nzito, ya kiume, akawa anaivaa chini ya kanga. Mume wangu alipoiona imeanikwa kwenye kamba aliuliza ni ya nani.

"Yangu," alisema mama yake, akaendelea kumenya viazi.