Dina, Methani na Maputo Yasiyolala

Dina wa Maili Moja alikuwa mpambaji wa kumbi, na kemia ya kidato cha sita ilikuwa imemkataa mara mbili, kama mama mkwe mwenye kisirani. Bila kemia, hakuna chuo cha uuguzi. Akajiandikisha tena, mtahiniwa wa kujitegemea. Majirani wakacheka. Wacheke, meno ni yao.

Kilichomwangusha ni maumbo ya molekuli. Godbless, mwalimu wake wa tuisheni kule Tangini, alitazama methani aliyoichora: kaboni katikati, haidrojeni juu, chini, kushoto, kulia.

"Dada Dina, huu ni msalaba. Mpelekee mchungaji."

"Si ndivyo kitabu kilivyochora?"

"Karatasi ni bapa, dada, methani siyo chapati! Jozi za elektroni hazipatani. Kila moja inazikimbia nyingine mpaka mwisho wa uwezo wake."

Dina akakariri. Akasahau. Akakariri tena.

Jumamosi akaenda Kisarawe kupamba send-off. Bi Salama, mama wa binti anayeagwa kwenda kuolewa, alitaka maua ya maputo manne manne, yalale ukutani. Dina akayafunga manne kwa fundo moja, akayabana ukutani. Moja likachomoza, likamgonga pua. Akalikandamiza, la pili likachomoza. Siku zote ugomvi huu aliumaliza kwa solotepu, na matusi kidogo. Leo solotepu ilikuwa imeisha.

"Mwanangu, hilo ua au jini?" Bi Salama akauliza.

"Yanakimbiana, mama," Dina akajibu, na hapo hapo akayakumbuka maneno ya Godbless. Akaliweka lile fungu sakafuni. Matatu yakasimama kama mafiga, la nne likaelekea dari. Kumbe miaka yote alikuwa anaipiga methani kofi iwe chapati!

Jumatatu akalibwaga fungu jipya mezani kwa Godbless.

"Haya, maji sasa," mwalimu akasema. "Oksijeni nayo ina jozi nne, ila mbili hazijashika haidrojeni. Hizo zinajitanua zaidi."

Dina akachukua pampu, akayajaza maputo mawili zaidi mpaka yakalia kwii.

"Yatapasuka!"

"Yakipasuka nafunga mengine."

Yakatanuka kama mashangazi kwenye kochi la wageni. Yale mawili madogo yakabanwa, yakasogeleana.

"Maji yamepinda," Dina akasema.

"Yamepinda, dada!"

Kwenye mtihani, umbo la maji likaulizwa. Mkono ukataka kuchora mstari mnyoofu. Akauzuia, akaanza na wale mashangazi wawili wa oksijeni.

Matokeo yakatoka: C. Si herufi ya kuchinjiwa mbuzi, lakini chuo kiliomba C, na Dina hakuona sababu ya kuwazidishia.