Besi Kwanza

Mwalimu wa kwaya yetu ya Thika alikuja mazoezini moja kwa moja kutoka kiwanda cha mkonge, viganja vimechanika. Kila wimbo aliotunga aliuanza sehemu ya chini ya ubao, kwenye besi, sauti nzito ya wanaume. Soprano aliiandika mwisho, kama mtu anayepaka chokaa nyumba iliyokwisha simama. Wanaume walikosea, akawarudisha, jioni baada ya jioni. Zikabaki siku nne kanisa letu jipya lifunguliwe.

"Mwalimu, besi tuiache," alisema Perez wa soprano. "Watu watakuja kutusikia sisi."

Mwalimu aliwanyamazisha wanaume, wanawake wakaimba peke yao. Kufikia ubeti wa pili sauti zilikuwa zimeshuka na kutawanyika, na Perez akacheka kwa aibu. Mwalimu aliegemea ubao, amefumba macho.

"Haya, wanaume. Wabebeni tena. Na msisikike sana."