Mtunzi Yupo, Anaishi Nkoma

Wimbo wa mizani niliutunga mimi, Minza. Naanza na hilo kwa sababu yupo mwanaume hapa Nkoma anayesema vingine.

Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, walikuja na malori, fedha mkononi na mizani zisizoaminika. Mume wangu Machibya aliuza pamba niliyoipalilia mimi, akaenda Maswa, akarudi na mke mwingine, Martha. Mimi na binti yangu Milembe tukahamishiwa kibanda cha nyuma. Sikulia. Nikatunga wimbo: mizani hulalia upande wa mwenye lori, na Machibya hulalia upande wa noti.

Baada ya mavuno niliuongoza uwanjani, nikiwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, wa kundi la Wagika. Wapinzani wetu, Wagalu, walikuwa upande wa pili. Kwetu ngoma haina jaji. Vikundi viwili vinaanza pamoja, watu wako katikati, na miguu yao ndiyo inayoamua. Jioni ile watu wote walihamia kwetu, Wagalu wakabaki wanawachezea mbuzi.

Milembe nilimsomesha kwa kupika na kuuza pombe, baba yake akicheka. Leo anafundisha kompyuta chuo kikuu Mwanza, na amepewa kazi ya kupanga kozi ya shahada ya uzamili ya kutengeneza gemu. Alikuja nyumbani nayo.

“Mayu, mama yangu, kazi kubwa ya muhula wa kwanza nataka iwe gemu ya ngoma yetu. Mchezaji anakuwa manju. Mwanafunzi anaandika programu ya umati, kila mtu uwanjani aamue mwenyewe kubaki au kuhama. Hapo ndipo kuna ugumu.”

“Na wimbo?”

“Wa mizani. Nimeandika wimbo wa asili, mtunzi hajulikani.”

“Hajulikani nani? Mimi niliyekuzaa?”

Aliona aibu. “Kamati imezoea hivyo.”

“Izoee vingine.”

Basi chuo kikataka mtunzi akubali mbele ya watu. Milembe alirudi na mwalimu mwenzake, Kasmiri, mgeni wa huku, aliyelala gesti Bariadi na kufika na kinasa sauti. Kabla sijafungua mdomo, Machibya akaingia uani na ndugu zake.

“Mwadila,” akasalimu. “Huyu nilimtolea ng'ombe. Alichotunga kwangu ni changu, kama ndama aliyezaliwa zizini. Andikeni Machibya.”

Kasmiri akakuna shingo. “Wazee, kukiwa na ugomvi kamati haitapitisha. Milembe, tuitoe ngoma kwenye kozi. Tuweke gemu ya mpira.”

Mwanangu aliinamisha kichwa. Kozi yote aliijenga juu ya umati ule.

“Haitoki,” nilisema. “Uwanja upo. Mwenye wimbo asimame aongoze, na mimi niongoze. Au unaogopa, baba Milembe?”

Mbele ya ndugu zake angesemaje hapana? Majirani walishajaa. Ngoma zikalia pande zote mbili.

Nisimpunje: Machibya ana sauti. Kiitikio alikitoa vizuri, na watu wengi wakamwendea, hata jirani yangu Salu ninayemgawia chumvi. Nikaendelea. Ukafika ubeti wa pili, ule wa noti. Machibya akafungua mdomo, akaufunga, akarudia kiitikio.

“Ubeti, mzee!” Salu alipiga kelele. “Jitaje!”

“Kautunga mwenyewe, amesahau jina lake!” mwingine akadakia.

Mimi nikamtaja, kwa kifua chote. Watu wakacheka huku wakihama. Martha naye alihama, mtoto mgongoni, bila kumtazama mumewe. Nilipogeuka, Kasmiri alikuwa upande wangu na kinasa sauti chake, na sidhani kama alijua amefikaje.

Ngoma zilipotulia akasema kwa adabu, “Mama, kozi itaandikwa jina lako. Ila ubeti wa mzee tuuondoe, kwa heshima yake.”

“Ni baba yangu, mayu,” Milembe alisema taratibu.

“Najua. Pamba nayo ilikuwa yangu. Wimbo mnachukua mzima, au hamchukui.”

Milembe alinitazama, kisha akamtazama baba yake aliyekuwa anatafuta fimbo yake. “Mzima,” akasema.

Kozi imepita hivyo hivyo. Mwanafunzi akitaka kujua kama programu yake inafanya kazi, anafika ubeti wa pili, na umati lazima umhame Machibya, manju wa upande wa pili ndani ya gemu. Usipomhama, amekosea, arudie.