Picha Tisa za Mama Mbele ya Migomba

"Si utampiga mama picha nyingine tu, dada," mtendaji wa mtaa aliniambia, macho yake yakiwa kwenye simu.

Ilikuwa mara ya tatu naenda kulalamika pale. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake tangu asubuhi, mtoto mgongoni. Nikasimama, nikaipiga meza yake kwa kiganja hadi chai ikamwagika.

"Nimpige wapi? Tumemzika Jumamosi."

Hapo ndipo aliponitazama usoni.

Baba alikuwaga na studio Vingunguti, na alipofariki aliniachia kamera moja ya zamani, boksi zito lenye macho mawili. Unaitazamia kwa juu, umeinamisha kichwa kama unasoma kitabu. Mama, mke wa mpiga picha, hakupenda kupigwa picha. Tulikuwa na ile ya kitambulisho tu, na humo kanuna kama kaitwa polisi.

Alipoanza kuumwa ndiyo akakubali, kwa sababu ya filamu yangu ya infraredi. Inanasa mwanga ambao macho yetu hayauoni: majani yanatoka meupe, anga jeusi. Nilimwonyesha picha ya miti niliyopiga Kawe. Akacheka. "Basi nipige na mjukuu wangu mbele ya migomba. Nitoke kama nimeshafika peponi."

Nilibakiwa na roli moja. Filamu hii inadeka: ikiguswa na mwanga kidogo tu kabla ya kusafishwa, imeharibika. Niliiweka kwenye kamera nikiwa ndani ya kabati la nguo, mashuka yameziba nyufa, na kitundu cha kusomea namba nyuma ya kamera nikakibandika tepu nyeusi. Uani kwake Kibamba, mama akakaa kwenye kigoda, mtoto kalala mapajani. Filamu hii inataka kioo chekundu mbele ya lenzi, kinachozuia mwanga wa kawaida, kwa hiyo kila picha inataka sekunde kadhaa bila kutikisika. Nikapiga tisa.

Nyuma ya migomba kuna tangi la maji la mtaa. Mgambo akaingia.

"Sista, unapiga tangi?"

"Nampiga mama yangu."

"Futa."

"Haifutiki, braza. Ni filamu."

"Nyie mnajifanyaga wajanja. Hakuna picha isiyofutika."

"Mwanangu, salamu kwanza," mama akamwambia.

"Shikamoo mama," akajibu, huku keshaishika kamera yangu.

Nilimwambia asifungue. Nilimwambia mara tatu. Akafungua, saa sita mchana, jua la utosi, akaivuta filamu yote kama anatoa utumbo wa kuku, akaiinua juu.

"Mbona hamna kitu?"

Niliisafisha hivyo hivyo. Ilitoka nyeusi mwanzo mwisho. Mama sikumwambia. Mpaka wodini alikuwa akiniuliza, "Zimetoka?" Nami namjibu bado zinakauka.

Siku ile niliyomwaga chai ya mtendaji, niliandika barua hii kwa mkono nikaipeleka ofisi ya kata. Wakagonga mhuri kwenye nakala yangu.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MGAMBO WA MTAA

Mgambo wenu alifungua kamera yangu huku nikimkataza, akaharibu picha tisa za marehemu mama yangu akiwa amempakata mjukuu wake. Hakuna nyingine. Sidai kamera, kamera ni nzima. Sitaki kuombwa radhi kwa mdomo. Naomba barua yenye sahihi yake na mhuri wenu, ieleze kwamba picha hizo zilikuwepo, na ni nani aliyezitoa juani. Mwanangu ana mwaka mmoja. Barua hiyo ni ya kwake.