Maswali ya Ng'ombe kwa Baba Princess

Tabea Ndesanjo alikuwa na kila sifa ya kuwa mdodosaji, isipokuwa uso. Ukimwambia jambo la aibu, nyusi zake zinapanda kama zinakwenda kumwita jirani naye aje asikie. Kwenye mafunzo walimwekea kioo afanye mazoezi ya kutoshangaa. Akajitazama, akaangua kicheko, wakamwacha hivyohivyo, maana wanawake wa Levolosi walimweleza mambo ambayo hata mchungaji hawakumwambia.

Kabla ya hapo alikuwa karani wa chama cha ushirika, mpaka ushirika ukafa kifo chake cha kawaida, yaani cha kuliwa. Akauza mitumba. Halafu, enzi hizo za ruksa, milango ya nchi ilipofunguliwa, miradi ikaota Arusha kama uyoga, kila mmoja na gari lenye nembo mlangoni, na mmoja wao ukamchukua akaulize watu mambo matatu: unakunywaje, unalala na nani, na nyumbani nani anampiga nani. Wanaume walilipenda sana la kwanza. Ati glasi ngapi kwa wiki? Pombe ya mbege inanyweka kwa kata inayozunguka, mama, nani ahesabu mafunda ya mwenzake? Huo ni uchoyo. La pili walilikohoa. La tatu ndilo lilikuwa na kasheshe.

Kwa hilo la tatu, mradi uliwapa wadodosaji ujanja. Mwanamke aulizwe peke yake. Mume akitokea, mdodosaji afunike karatasi zake, afungue nyingine za maswali ya mifugo, na aulize kwa uso mkavu kana kwamba tangu azaliwe anawaza kwato tu.

Basi siku hiyo yuko Sekei, kwa Mama Princess, ambaye jina lake la ubatizo ni Anande. Jua linawaka, lakini mwenyewe kajifunga kanga mpaka shingoni. Tabea ameshavuka pombe, ameshavuka Ukimwi, anafungua mdomo, "Je, mume wako amewahi..." Mlango ukafunguka. Elimringi, Baba Princess mwenyewe, kidume cha nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Je, ng'ombe wako anakunywa ndoo ngapi za maji?"

Elimringi uso ukamng'aa. Sekei nzima ilijua kwamba gari lenye nembo likija kuuliza habari za ng'ombe, nyuma yake anakuja mtamba wa bure, jike changa la maziwa. Akavuta kigoda, akakaa.

"Uliza, mama. Uliza yote. Huyu hata ungemuuliza kutwa, ng'ombe hamjui."

Maswali yakaisha. Elimringi hakuisha. Tabea ikabidi aanze kutunga.

"Mzunguko wa kifua chake?"

"Huo sijui, mama."

"Kapime."

Akachomoa kamba ukutani, akatoka mbio. Tabea akainama. "Amewahi kukupiga?"

"Ndiyo."

Mtu huyo karudi, kashika kamba kwa vidole viwili pale kipimo kilipoishia. Tabea akaandika, akashukuru. "Na kwato za nyuma?"

"Zimefanyaje?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Kazitazame, moja moja."

Akatoka tena, kamba mkononi.

"Kwa kitu gani?"

"Mkono. Mwiko. Juzi ilikuwa kamba hiyohiyo."

Hapo Tabea akaliweka dodoso chini. "Una pa kwenda, mwanangu?" Swali hilo halikuwamo katika karatasi yoyote.

"Kaka yangu yuko Kijenge. Lakini huyu hataki nivuke hata hiyo barabara."

Elimringi akaingia, kinyesi mpaka viwikoni. "Kwato safi, mama! Haya, mtamba anakuja lini?"

Tabea, mzee wa kanisa na sauti ya kwanza kwenye kwaya, aliiona dhambi inakuja, akaipokea kwa mikono miwili. "Mtamba haendi kwenye nyumba ambayo mama hajahudhuria semina. Ni ya kulala hukohuko. Aende na mtoto."

"Semina ya ng'ombe? Huyu? Si niende mimi?"

"Majani anakata nani?"

"Mimi, mama."

"Basi. Wewe utabaki na ng'ombe. Mradi hautaki ng'ombe mpweke."

Kwa mkono wake mwenyewe Elimringi akabeba begi la mkewe mpaka garini, akampakia Princess, akafuta vumbi kitini. "Na usisinzie darasani," akamwambia Anande, "usije ukaniharibia."

Kijenge, kwa kaka yake, begi lile lilikaa mlangoni, halijafunguliwa. Kila asubuhi Anande analitazama. "Nirudi tu. Nani anampikia? Pengine ameshajuta." Tabea alikuwa akipita kila jioni kumsihi, mpaka maneno yakamwishia.

Siku moja Elimringi akatua ofisini kwa mradi. Abdiel, msimamizi mwenye shahada na tai, akamwita Tabea: "Kuna bwana hapa anadai ng'ombe. Sisi tuna ng'ombe?" Mgeni alipoondoka, Abdiel akamweleza Tabea kwa upole sana kwamba kazi yake imekoma. Tabea akatoka hapo moja kwa moja mpaka Kijenge.

"Amekuja ofisini," akasema.

Anande akasimama, mkono tayari umeshika begi. "Ameniulizia?"

"Amekuulizia."

"Amesemaje? Nieleze alivyoanza."

"Alianza na mtamba. Akauliza rangi. Akauliza kama anakuja na pumba zake, au pumba ni juu ya mwenye banda. Alipofika mlangoni ndipo akageuka, akasema, 'Na yule mwanamke mwambieni asirudi bila cheti.'"

Anande akaliachia begi. Kisha kicheko kikamtoka, kikamzidi, akawa anajishika mbavu kwa sababu bado zinauma na anacheka hivyohivyo, mpaka wifi yake akaja mbio kutoka jikoni. Alipopata pumzi akapiga magoti, akafungua begi, akatoa gauni la kwanza na kulikung'uta.

"Wifi," akasema, "nguo mnatundika wapi?"